Mtu Nisiyeweza Kumpekua

Jumatatu, 2 Julai 1984

Siku ya kwanza ya kazi yenyewe. Baridi — Mungu wangu! Nimezaliwa Gakindu nikidhani najua baridi. Kumbe ile ya kwetu ni ya watoto. Hapa ukungu unaingia mpaka ndani ya buti. Mlima hauonekani kabisa, ni kama umehama.

Nimepewa kofia inayonifunika masikio na rungu lililopasuka. Mkubwa wetu wa zamu ni Koplo Mutahi. Mtu mfupi, sauti ya lori. Ati sisi vijana wa chuo tunafikiri jela ni shule. Ati askari jela ni mfungwa pia, tofauti yetu ni likizo tu. Wenzangu wakacheka. Nikacheka pia, halafu nikajiuliza nacheka nini.

Kuhesabu kumenishinda. Wanachuchumaa watano watano, mikono kichwani. Nilihesabu mara tatu nikapata majibu matatu. Mutahi akasema mama yangu aliuza mbuzi wake bure kunisomesha. Mbele ya wafungwa! Nilitamani ardhi inimeze.

Chakula chao ni ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada. Unanuka gunia. Chetu ni huo huo, ila sisi tuna chumvi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Gikuyu ni ya kwa mama. Mambo ya hapa sitaki yaingie huko.

Jumatano, 4 Julai

Nimepewa gengi ya mawe pamoja na Ireri. Ni wafungwa wanaovunja mawe kule chini, upande wa Kiganjo. Ireri ni Mwembu wa Runyenjes, tunalala chumba kimoja, mtu wa kuongea hata akiwa na mswaki mdomoni. Yeye analinda nyuma. Mimi jioni wakirudi nawafanyia sachi langoni. Wanavua yote, wanainua mikono, wanapanua miguu, natazama na kugusa. Kila mtu. Mutahi alinishika sikio akaniambia, pahali unapoona haya kutazama ndipo bangi inalala.

Sawa. Kazi ni kazi. Nilianza vizuri. Kijana mmoja, Wamae, mwizi wa mabavu, alinitania kama nataka kumwoa. Nikamgonga goti kwa rungu. Nilijiona mwanamume.

Halafu nikainua macho, na aliyefuata alikuwa Simeon Gicheru. Gicheru wetu wa Gakindu. Mutiiri wangu!

Nilipotahiriwa, ile Desemba baada ya mtihani wa darasa la saba, baba alikuwa ameshakufa, na mama alimwomba Gicheru awe mutiiri wangu, msimamizi wangu wa tohara. Ndiye aliyesimama nyuma yangu mtoni alfajiri. Ndiye aliyenishika mabega kisu kilipokuja. Ndiye aliyeniosha kidonda mpaka kikapona, akanipikia uji, akanifundisha kuongea na watu wazima. Mtu wa namna hiyo humwiti jina. Huketi yeye akiwa amesimama. Humbishii mbele za watu. Na uchi wake — hapana, hilo halitajwi hata kwa mzaha.

Naye alikuwa anafungua kifungo. Hakunitazama. Kichwa kimekuwa cheupe, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku wa kideri.

Nikasema, "Wewe, pita."

Akasema, "Asante, afande."

Ameniita afande. Mimi! Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 6 Julai

Nimejua kilichomleta. Ireri aliuliza wafungwa, mimi sikuthubutu. Mvua ilipokosekana, mzee aling'oa kahawa yake apande maharagwe. Kung'oa kahawa hakuruhusiwi. Chifu akatuma askari wake, mzee akampiga na mpini wa jembe. Mwaka mmoja na nusu. Mama hakuniandikia neno. Aliona haya, najua.

Jana alipita bila sachi. Leo pia. Namwambia tu pita, kwa sauti kali ili watu wasishuku.

Jumapili, 8 Julai

Nimemwambia Ireri. Ilibidi, roho ilikuwa inapasuka. Alinyamaza — Ireri akanyamaza! Kisha akasema mficha uchi hazai, niende kwa Mutahi niombe kubadilishwa gengi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ni rahisi kwake. Mutahi ni Mgikuyu, anajua mutiiri ni nini. Atacheka mpaka alie. Halafu atanifanya nimvue mzee mbele ya gengi yote, ati ndiyo dawa yangu. Ama anipeleke kwa mkubwa wa jela, na askari aliyeficha kwamba anajuana na mfungwa anaonekana mwizi. Bado niko kwa majaribio. Nikifukuzwa, mama na wadogo zangu watakula nini? Shambani hata magugu yamekauka.

Nitaendelea hivi hivi. Mzee mmoja tu. Nani ataona?

Ijumaa, 13 Julai

Mambo shwari. Mzee kule machimboni anapewa kazi ya kubeba maji, nimempangia mimi. Leo nilipopita karibu alisema bila kuinua kichwa, kwa Gikuyu, polepole: "Nipekue kama wengine." Nikajifanya sikusikia.

Sikuweza. Hata angeniamuru mara kumi. Lakini mbona alisema hivyo?

Jumanne, 17 Julai

Damu leo. Mpishi wa wadi ya tatu, mfungwa mnyamavu wa Endarasha, amekatwa uso kutoka sikio mpaka mdomo. Ni Wamae. Walikuwa wanagombania ukoko wa ugali. Ukoko! Nilimshika mpishi kichwa tukimbeba, na meno yake yalionekana kwa pembeni bila yeye kufungua mdomo. Nimefua shati mara mbili na bado lina rangi.

Kilichomkata ni kipande cha msumeno wa chuma, kimenolewa kwa jiwe. Msumeno kama huo uko machimboni tu. Maana yake ulipita langoni. Kwangu.

Mutahi hakupiga kelele. Hilo ndilo limenitisha. Aliniuliza taratibu kama ninampekua kila mtu. Nikasema ndiyo afande. Akasema sawa.

Nilimpekua Wamae vizuri kabisa, naapa! Mpaka kisogoni. Wote niliwapekua.

Wote isipokuwa mmoja.

Jumatano, 18 Julai

Sikulala. Leo machimboni nimemfuata mzee kwenye mtungi wa maji. Nilimuuliza kama ni yeye. Nilitaka akatae. Nilikuwa nimeshaweka tayari maneno ya kumwomba radhi kwa kumshuku.

Alisema ndiyo.

Wameanza tangu wiki ya kwanza, ati. Wafungwa hawana kazi ila kutazama. Waliona kijana mpya anampita mzee fulani kila jioni. Wamae akaja na bangi, akasema beba. Mzee akakataa. Wakamnyang'anya blanketi, akalala sakafuni siku mbili. Akakataa tena. Ndipo Wamae akasema, usipobeba tutamwambia Mutahi kwamba yule afande wako hakupekui, na kijana atakwenda nyumbani. Basi akabeba.

"Nilikwambia unipekue," alisema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, angenipiga hata kofi, roho ingetulia.

Nilimwambia jioni nitampekua. Akasema vyema. Jioni ikafika, akasimama mbele yangu, akavua shati. Kifuani mbavu zote zinahesabika. Akashika kaptura. Nikasikia mdomo wangu unasema pita.

Mjinga! Mjinga mkubwa mimi!

Ijumaa, 20 Julai

Yametimia.

Mutahi alitega sachi ya pili ndani, nyuma ya ukuta wa jikoni, yeye mwenyewe na askari wawili. Sikuambiwa. Niliposikia kelele nilijua kabla sijafika. Mzee alikuwa uchi wa mnyama mbele ya watu wote, mikono juu, na kipande cha msumeno kimefungwa pajani kwa kitambaa. Nikageuza uso. Askari mmoja akaniuliza nina nini, nikasema vumbi. Vumbi gani na ukungu huu.

Mutahi akamuuliza: nani alikupekua langoni?

Mzee akanyoosha kidole kwangu. "Yule kijana. Alinipekua sawasawa. Mimi nilificha vizuri kumshinda."

Mutahi akanitazama sana. "Gatimu, ni kweli?"

Wamae, ambaye bado anangoja kesi yake, alikuwa anatabasamu.

Ningesema si kweli, ningekuwa nimemwita mutiiri wangu mwongo mbele ya wezi, naye yuko uchi. Hicho ndicho kilinijia kichwani. Si ukweli, si mpishi wa watu. Adabu! Nikasema, "Ndiyo afande, nilimpekua."

Ametupwa seli ya adhabu. Jumatatu atasomewa kesi na mkubwa.

Jumamosi, 21 Julai

Nimemlilia Ireri mchana kutwa. Anasema ninyamaze sasa, maji yakimwagika hayazoleki. Wiki mbili zilizopita alisema niseme. Nikamkumbusha. Akasema wakati ule ningebadilishwa gengi, sasa nitafungwa. Kuacha kisu kipite langoni na kudanganya mkubwa! Nitavaa zile nguo nyeupe, nichuchumae hapa hapa, nihesabiwe pamoja na wale niliowahesabu. Na Wamae awe ndani na mimi.

Anasema kweli. Lakini nilimtukana.

Jumapili, 22 Julai

Siku ya wageni, nami nilikuwa langoni. Nani akaja? Mama Wakonyo, mke wa mzee. Ametembea, amepanda magari mawili, ana kikapu. Aliponiona na yunifomu alipiga kofi moja kwa furaha, halafu akafunika mdomo na kulia. Ati Ngai, Mungu wetu, amewakumbuka. Ati usiku alikuwa halali akifikiria mzee yuko na wanyama, kumbe mtoto wao yuko hapa hapa.

Nikamwambia leo haonekani. Ana kosa kidogo. Kosa gani? Nikasema la utaratibu.

Akasema hakuna neno, maadamu niko. Akafungua kikapu: nduma za kuchemsha, zimefungwa kwa jani la mgomba, bado vuguvugu kidogo katikati. Nusu ya mzee, nusu yangu. Nikasema kanuni hairuhusu. "Basi kula zote wewe," akasema. "Ukishiba wewe, utakuwa na nguvu ya kumtunza."

Alinisimamia mpaka nikala moja. Alisema pia niwe mwangalifu, kifua cha mzee kina shida siku hizi, moyo unamruka akishtuka. Hospitali ya misheni walimwambia asibebe mizigo.

Sikujua hilo. Nami nilimpangia kubeba maji, nikajiona mwema.

Jumatatu, 23 Julai

Kesi ilichukua muda wa kunywa chai. Mkubwa hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Mzee akaulizwa, akakubali yote. Kisu cha kwanza? Chake. Cha pili? Chake. Alimpa nani? Hasemi. Nikaitwa. Mkubwa akauliza kama nilipekua. Nikamtazama mzee. Alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nije hapa, macho yale yale ya kutuma mtoto. Yalisema: sema.

"Ndiyo, bwana mkubwa."

Viboko kumi, Jumatano saa nane mchana. Na msamaha wake wa siku, zile anazopunguziwa mfungwa mwenye adabu, umefutwa.

Wamae amepata seli na viboko pia, siku hiyo hiyo, kwa ajili ya mpishi. Hata hilo halikufurahisha moyo wangu.

Jumanne, 24 Julai

Nilibadilishana zamu nipeleke uji kwenye seli za adhabu. Shimo lile halina dirisha, sakafu ni maji. Mzee amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilichuchumaa mlangoni. Ireri alikuwa anaangalia korido.

Nikamwambia nakwenda kwa mkubwa kesho asubuhi kusema yote.

Akaniuliza, "Mama yako anapanda nini sasa?"

Nikasema hapandi kitu. Hakuna mvua.

"Basi unakwenda kusema nini?"

Nikasema moyo wake ni mgonjwa, Mama Wakonyo ameniambia. Viboko kumi vitamuua. Akasema mke wake anapenda maneno. Akanywa uji. Uji ulimwagika ndevuni, nikatoa leso kumfuta, akaipokea akajifuta mwenyewe.

Halafu akasema jambo. Ile fremu ya kufungia watu wakati wa viboko, mkanda wake umekatika. Siku hizi mtu analazwa kwenye benchi na askari mmoja anamshika mabega. Alishasikia kutoka kwa wafungwa. Akasema: "Mwambie Mutahi wewe ndiye utakayenishika."

Nikasema hapana. Nikasema hapana tena, nilisahau hata ni nani ninayembishia.

"Mtu mwingine akinishika nitatikisika," akasema. "Niko na miaka hamsini na nane. Sitaki Wamae anione nikitikisika."

Nimelia leo. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimelia kwenye choo cha askari, maji ya bomba yamefunguliwa, kama msichana wa bweni.

Jumatano, 25 Julai

Asubuhi

Daktari amempima. Si daktari, ni yule mpakaji dawa wetu, mtu wa kunuka spiriti. Nilikuwa mlangoni. Aliweka kile chombo kifuani, akasikiliza, akakunja uso. Akasikiliza tena. Nikasema moyoni, sasa! Sema! Akasema, "Unaruka ruka huu." Mutahi akasema hata wangu unaruka nikikumbuka mshahara. Wakacheka. Akatia sahihi.

Nilimfuata nje. Nilimuuliza kama mzee anaweza. Alinitazama tu. Akasema kama kuna mtu ana sababu ya kusimamisha jambo hili, mkubwa yuko ofisini mpaka saa nane, baadaye anakwenda Nyeri mjini. Na yeye asitajwe. Akaenda zake.

Mutahi akauliza kwenye mstari nani atashika mabega. Kila mtu anatazama buti zake. Nikasikia nimesema mimi. Mutahi alikuja karibu kabisa, nikanusa tumbaku. Akaniuliza mzee huyu ni nani kwangu. Nikasema si mtu wangu. Akasema, "Gatimu, mimi nimetahiriwa Mukurweini, huko huko kwenu. Usinifanye mtoto." Halafu akaondoka, hakuongeza neno. Anajua! Tangu lini anajua? Na kwa nini hasemi?

Saa saba na zaidi

Nimerudi chumbani kuchukua kofia. Siioni. Niko nayo kichwani.

Nimefikiri mpaka nimechoka. Nikienda kwa mkubwa, viboko vitasimama, angalau leo. Mimi nitafungwa, mama atasikia sokoni Gakindu, na mzee atakuwa amebeba visu vile bure, ameaibika bure, na nimemfanya mwongo mbele ya jela nzima. Nikienda uwanjani, nitamshika kama alivyoniomba, nitakuwa mtoto mtiifu. Na kama moyo utasimama, utasimama mikononi mwangu. Halafu Jumapili Mama Wakonyo atakuja na kikapu.

Yeye anasema nimtii. Wote walinifundisha kutii. Hata yeye mwenyewe, wiki zile za kidonda, hakunifundisha kitu kingine.

Ukungu umeshuka tena. Kutoka hapa kwenda uwanjani lazima upite mbele ya ofisi ya mkubwa. Kwa dirisha naona mlango uko wazi, na dereva anapangusa kioo cha gari.

Ireri ameingia mbio. Anasema mzee ametolewa, amevuliwa shati, na amekataa kulala kwenye benchi mpaka nifike. Hapigani, hasemi. Amesimama tu kwa baridi ile, kifua wazi, anatazama njia ya huku. Wafungwa wamechuchumaa wote, hakuna anayecheka. Mutahi amewaambia wenye fimbo wangoje.

Ireri anauliza nakwenda wapi, uwanjani ama kwa mkubwa. Nimemwambia kwanza anifungie mkanda huu. Vidole vyangu vimekataa.